Meza ya Treni Aliyoiacha Mzee: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Lionel ya Miaka ya 1950

Kisa chenyewe ni hiki. Mzee amefariki, nyumba inauzwa, na katika chumba cha chini ya ardhi imebaki meza ya treni ndogo za umeme za kuchezea, za kampuni ya Lionel, aliyoijenga kwa ajili ya watoto wake miaka ya 1950. Watoto hao sasa wana wajukuu. Wanataka kuiona ikitembea tena kama wanavyoikumbuka, kisha waihamishe bila kuivunja. Haijaguswa na umeme kwa miongo kadhaa.

Ni kisa cha mfano, kilichounganishwa kutokana na hali zinazojirudia katika nyumba nyingi za Marekani. Mali iliyomo, vipimo, namba za vifaa na matatizo yake ndivyo vilivyo hasa, na mwenye meza ya namna hii ataitambua yake humu.

Kabla ya kugusa kitu inafaa kujua kilichokuwapo wakati ule. Kampuni ya Lionel ilianzishwa New York mwaka 1900 na Joshua Lionel Cowen. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia ilifikia kilele chake, ikiunda treni katika viwanda vyake vya New Jersey, na wakusanyaji huita kipindi cha 1945 hadi 1969 kuwa kipindi cha baada ya vita. Kampuni iliuza reli, vichwa vya treni na transfoma za kupunguza umeme wa nyumbani. Meza yenyewe haikuiuza: mji, mlima, mpangilio wa njia na nyaya zilizofichwa chini vilikuwa kazi ya baba mwenyewe, jioni baada ya kazi, kwa vifaa alivyovipata. Ndiyo maana kichwa cha treni kikiharibika kinatafutwa kingine, lakini meza ikivurugwa hakuna pa kuipata.

Kilichopo mezani

Ubao ni karatasi moja nzima ya plaiwudi, futi 4 kwa 8, yaani sentimita 122 kwa 244, juu ya fremu ya mbao. Reli ni za aina ya O27: reli tatu za bati, upana wa inchi 1¼ kati ya reli za nje, na reli ya katikati ikibeba umeme. Duara kamili la O27 lina vipande 8 vya kona na kipenyo cha inchi 27. Kipande kilichonyooka kina urefu wa inchi 8¾. Njia kuu hapa ni yai refu: kona 8 na nafasi 14 za vipande vilivyonyooka, 7 kila upande, ukihesabu swichi kama kipande. Hiyo inafika karibu inchi 88, na ubao una inchi 96. Mzee alipima vizuri. Kipande kimoja zaidi kila upande na treni ingekuwa inapita kwenye ncha ya meza.

Kutoka njia kuu, swichi mbili za namba 1122, yaani reli za kugeuzia njia, zinaingia kwenye njia za pembeni zinazotumika kama yadi, mahali pa kuegesha mabehewa. Kichwa cha treni ni namba 2037 chenye Magnetraction, ule mfumo wa sumaku kwenye magurudumu ulioingia mwaka 1950 ili magurudumu yang'ang'anie reli. Nyuma yake kuna tenda, yaani behewa la makaa, namba 6026W yenye filimbi, behewa la maziwa namba 3472 na mabehewa machache ya mizigo. Penye kivuko, pale barabara inapokatiza reli, kuna kibanda namba 145: treni ikifika, mlango unafunguka na mlinzi anatoka na taa yake mkononi. Nyumba za mji ni Plasticville, za plastiki ya kubandikana bila gundi. Kona moja ina mlima wenye handaki, na ukingoni mwa meza kuna transfoma mbili za namba 1033, kila moja ya wati 90.

Haraka ya kuchomeka plagi

Kishawishi cha kwanza cha familia ni kuchomeka plagi waone kama inafanya kazi. Hapo ndipo transfoma nzima huungua na, vibaya zaidi, mtu hupigwa na umeme. Waya wa kuingizia umeme wa transfoma za wakati huo umefunikwa kwa mpira unaokauka. Ukipindwa tu unapasuka, hasa pale unapoingia kwenye kasha, na shaba inabaki wazi ikiwa na volti 120 za nyumbani.

Kazi ianze kwa kamera na penseli. Piga picha za juu kutoka pembe zote, kisha lala chini ya meza upige za nyaya kwa mstari, kila picha ikiingia kidogo katika iliyotangulia. Kila waya upewe kipande cha utepe chenye namba katika ncha zote mbili. Katika kisa hiki, chini ya meza kuna maandishi ya penseli kwenye mbao: "yadi 2", "kivuko", "taa", na mishale. Huo ni mchoro wa nyaya, wa pekee uliopo. Usifute, usipake rangi juu yake. Kuna pia waya mwembamba wa rangi nyingi uliotolewa kwenye kebo ya simu, na rangi moja haimaanishi kitu kimoja kila mahali. Kwa hiyo fuata waya wenyewe, usifuate rangi.

Baada ya hapo transfoma zinatolewa mezani. Waya wa zamani unabadilishwa kwa mpya wa nyuzi mbili, geji 18, na ndani fundo la kuzuia waya usivutwe. Mtu asiyezoea umeme wa ukutani ampe fundi kazi hii. Jaribio la kwanza lifanyike kupitia taa: balbu ya kawaida ya wati 100, ile ya uzi na si ya LED, iunganishwe kwa mfululizo na transfoma. Balbu ikiwaka kidogo au isiwake kabisa wakati transfoma haina mzigo, ndani kuko salama. Ikiwaka kwa nguvu zake zote, kuna shoti, na balbu imeokoa kifaa. Baadaye, kati ya transfoma na reli weka fyuzi ya ampea 5. Wati 90 kwa volti 16 ni kama ampea 5.6, na kikatizo cha ndani cha 1033 hutegemea joto, kwa hiyo huchelewa. Nyaya nyembamba za ndani ya kichwa cha treni zinaweza kuungua kabla hakijakata.

Nukta nyekundu

Hapa ndipo kisa kinapokuwa na uzito. Kwenye plagi za transfoma zote mbili kulikuwa na nukta ya rangi nyekundu, inaonekana ni rangi ya kucha, na nukta kama hizo kwenye soketi. Aliyebadilisha nyaya alizitupa plagi za zamani pamoja na nukta zake. Siku ya kwanza ya kuendesha, treni ilizunguka njia kuu vizuri kabisa. Ilipoingia yadi, cheche kubwa, fyuzi ikakata. Familia ikaamua kwamba swichi ya 1122 imeharibika, na mtu akaanza kuifungua.

Swichi haikuwa na tatizo. Transfoma moja inalisha njia kuu na nyingine inalisha yadi, na reli ya katikati imetenganishwa mpakani: kiungo chake kina pini ya faiba isiyopitisha umeme badala ya pini ya chuma. Lakini 2037 ina roli mbili za kuchukua umeme, na wakati roli hizo zinapokuwa pande tofauti za pini hiyo, kichwa cha treni kinaunganisha transfoma mbili. Umeme wa nyumbani hupanda na kushuka mara 60 kwa sekunde. Transfoma zikiwa sambamba, zote zinapanda na kushuka pamoja, na tofauti kati yake ni ndogo. Plagi moja ikigeuzwa, moja inapanda wakati nyingine inashuka, na volti zinajumlishwa. Plagi za zamani zina pini mbili zilizo sawa, zinaingia kwa namna yoyote. Mzee alishapambana na tatizo hili, akalipatia ufumbuzi, na nukta nyekundu ndiyo iliyokuwa kumbukumbu yake.

Kulirekebisha ni kazi ya dakika chache ukiwa na mita. Unganisha nguzo A (nguzo ni sehemu ya kufungia waya) ya transfoma ya kwanza na nguzo A ya pili. Pima kati ya nguzo C ya moja na nguzo C ya nyingine. Ikisoma karibu na 0, ziko sambamba. Ikisoma karibu na 32, geuza plagi moja upime tena. Kisha weka alama nyekundu upya, ama ziunganishe zote mbili kwenye kebo moja ya soketi iliyofungwa mahali pamoja ili zisigeuzwe tena.

Tahadhari moja kuhusu herufi. Kwenye 1033 nguzo inayobadilika na mpini wa mwendo ni U: kati ya A na U unapata volti 5 hadi 16, kati ya B na U 0 hadi 11. Kwa hiyo nguzo ya pamoja inayokwenda kwenye reli za nje ni A. Kwenye transfoma kubwa kama ZW mambo ni kinyume, U ndiyo ya pamoja. Mtu aliyezoea ZW akiunganisha U mbili za 1033 kama nguzo ya pamoja, atapata meza ambayo taa na vifaa vinavyolishwa na nguzo nyingine vinabadilika nguvu kila mpini unaposogezwa, na hataelewa kwa nini. Na hata transfoma zikiwa sambamba, unapovuka mpaka mipini yote miwili iwe katika kiwango kimoja, la sivyo mkondo unapita bure kati yake kupitia roli.

Reli zisizo na skrubu

Tukio la pili linafanana nalo. Vipande vyote vya reli vimefungwa kwa skrubu isipokuwa vitatu penye kivuko, ambavyo vinacheza ukivigusa. Aliyekuwa akisafisha aliona ni uzembe, akatoboa matundu, akavifunga vizuri. Kuanzia hapo mlinzi wa kivuko hakutoka tena kibandani.

Ukitazama kwa karibu kabla ya kutoboa ungeona kwamba chini ya mataruma ya vipande hivyo hakukuwa na tundu hata moja kwenye ubao. Skrubu iliyong'oka huacha tundu. Pasipo tundu, hapajawahi kuwa na skrubu, na mtu aliyefunga reli zote nyingine kwa uangalifu hawezi kusahau tatu zinazofuatana. Kibanda namba 145 huwashwa na kontakta namba 145C inayokaa chini ya reli. Uzito wa treni unaisukuma reli chini kidogo sana, kontakta inafunga saketi, sumaku ya umeme inavuta mlango. Reli iliyokazwa haishuki.

Toa skrubu, ziba matundu kwa gundi ya mbao, halafu rekebisha nati ya kontakta. Wengi huirekebisha kwa kichwa cha treni, ambacho ni kizito, na matokeo yake mlinzi anatoka kichwa kinapopita na kurudi ndani mabehewa yangali kivukoni. Irekebishe kwa behewa jepesi kuliko yote: legeza kidogo kidogo mpaka behewa hilo tupu limtoe, na reli ikiwa tupu arudi. Kama mlango unakwama ilhali umeme unafika, safisha njia ya kiini cha sumaku kwa kitambaa kikavu. Mafuta hapo yananasa vumbi na kumkwamisha zaidi.

Matukio haya mawili yanatoa kanuni inayofaa kwa meza yote: jambo la ajabu lililofanywa kwa unadhifu lichukuliwe kuwa na sababu hadi ithibitike vinginevyo. Uzembe halisi wa mjenzi huonekana kwa namna nyingine, kama viungo vya waya vilivyosokotwa tu bila kulehemiwa, na hivyo vilehemu bila kusita.

Reli, kutu na treni inayopungua kasi

Familia inakumbuka treni ikienda kwa kasi ileile pande zote. Sasa inapunguza mwendo upande wa mbali. Yai hili lina viungo 22, na kila kiungo kina pini 3, jumla 66. Kila pini iliyolegea au yenye kutu inakula volti kidogo, na umeme unaingia mahali pamoja tu, karibu na transfoma.

Anza na pini: toa kipande, bana kwa koleo mdomo wa reli unaoshika pini, rudisha. Pini iliyoliwa na kutu ibadilishwe. Juu ya reli tumia pedi ya kusugulia ya nailoni, ile ya kijani ya jikoni, kisha kitambaa chenye spiriti. Msasa unakwangua bati linalozuia kutu, na reli inashika kutu upya ndani ya muda mfupi. Pamba ya chuma ndiyo mbaya kuliko vyote: nyuzi zake zinavutwa na sumaku za Magnetraction, zinaingia kwenye mota na kusababisha shoti. Ikiwa mtu ameshaitumia, pitisha sumaku juu ya meza nzima kabla kichwa cha treni hakijawekwa.

Kisha ongeza vilishi, yaani nyaya za ziada za kupeleka umeme relini. Waya mkuu wa geji 14 upite chini ya meza, na matawi ya geji 16 yapande kwenye reli mahali patatu zaidi, kwa klipu zilezile za Lionel. Hii ni nyongeza ambayo mzee hakuiweka, lakini haionekani kutoka juu na inarudisha mwendo watu wanaoukumbuka. Nyaya zake mwenyewe zilizo nzima ziachwe.

Kichwa cha treni kilichokufa, au kilichofungwa tu

Ukiweka 2037 relini, taa inawaka lakini haitembei. Tazama kwanza mkono mdogo wa kufungia kifaa cha kugeuza mwendo, kile Lionel walichokiita E-unit. Kina ngoma inayozunguka hatua moja kila umeme unapokatwa na kurudishwa: mbele, katikati, nyuma, katikati. Kikifungwa kikiwa katikati, mota haipati kitu. Watoto walikuwa wakikifunga ili treni isirudi nyuma bahati mbaya, na kichwa hiki kikafungwa hivyo na kuhifadhiwa kikionekana kibovu.

Mkono ukiwa sawa na bado hakiendi, safisha ngoma na vidole vya shaba kwa kitambaa chembamba chenye kisafishio cha viunganishi vya umeme. Hapana mafuta hapo. Mlio wa mvumo unaotoka kwenye kifaa hiki ni wa kawaida, na wenye kumbukumbu wataufurahia. Mota inafunguliwa, komyuteta, ile sehemu ya shaba inayozunguka ikiguswa na brashi za kaboni, inafutwa mpaka ing'ae, na mifereji yake mitatu inakwanguliwa kwa kijiti cha meno kwa sababu unga wa kaboni uliojaa humo unaunganisha kisichopaswa kuunganishwa. Brashi fupi zibadilishwe. Tone moja la mafuta mepesi kwenye kila egemeo la ekseli na mhimili, grisi kidogo kwenye gia. Mafuta yaliyozidi yanafika kwenye brashi na mota inarudi pale ilipokuwa.

Filimbi inapiga kwa umeme wa mkondo mmoja ambao mpini wa transfoma unauongeza juu ya ule wa kawaida. Ikinyamaza, safisha ncha za rilei, ile swichi ndogo ya sumaku, ndani ya tenda. Zikiwa safi na bado kimya, kisahani cha kurekebisha mkondo ndani ya 1033 kimechoka. Dayodi ya siliconi ya ampea 10 au zaidi huchukua nafasi yake.

Mlima na mlango

Plaiwudi iliingia nyumbani ikiwa nzima, basi itatoka nzima, ikisimamishwa ubavu. Mlima ndio uliojengwa baadaye, na ndio unaozuia. Hapa kuna hatari ambayo familia haiijui: miaka hiyo unga wa asbesto uliuzwa na kutumiwa kuchanganya udongo wa kufinyangia milima. Kwa macho hautofautishi na plasta. Usikate, usipige msasa, usifagie makombo. Nyunyizia maji sehemu ndogo isiyoonekana, chukua kipande kidogo kilicholowa ukakipeleke maabara. Ikiwa kuna asbesto, mlima uachiwe wenye leseni ya kazi hiyo. Kama ni plasta juu ya wavu wa waya, tafuta misumari kwenye ukingo wake wa chini, ing'oe, mlima unanyanyuka wote. Rangi za zamani pia zipimwe kama zina madini ya risasi, yenye sumu, kabla wajukuu hawajakabidhiwa meza.

Nyumba za Plasticville zioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini; maji ya moto yanazipinda. Majani ya vumbi la mbao lililotiwa rangi ya kijani yafyonzwe kwa mashine yenye soksi nyepesi ya nailoni mdomoni, na watu wadogo watakaonasa kwenye soksi warudishwe kwa kufuata picha.

Yanayoachwa kama yalivyo

Rangi ya kichwa cha treni isipakwe upya. Chama cha wakusanyaji, Train Collectors Association, kilichoanzishwa mwaka 1954, hupanga hali ya treni kuanzia C-1 hadi C-10, na rangi ya asili iliyochubuka huthaminiwa kuliko rangi mpya iliyosingiziwa uzee. Kwa familia thamani hiyo ni jambo la pili, kwa sababu mchubuko kwenye ubavu wa 2037 ulitokana na kuanguka sakafuni, na wote wanakumbuka nani aliiangusha. Taa za nyumba zibaki balbu za uzi pale joto lake lisipoharibu plastiki. Zikibadilishwa kwa LED nyeupe, usiku wa mji ule unakuwa wa mji mwingine kabisa.

Nyongeza zote zilizofanywa, yaani fyuzi, vilishi vitatu, nyaya za transfoma na dayodi, ziandikwe chini ya ubao kwa penseli pamoja na tarehe, pembeni mwa maandishi ya mzee, kwa mtindo uleule wa neno moja na mshale. Penye kivuko iandikwe wazi: "reli 3, bila skrubu".